Gari halinywi maji

Kwa miezi saba dumu la lita tano lilikuwa abiria wa kudumu kwenye buti la gari langu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, nafungua boneti, nafungua kifuniko cha rejeta, namimina. Wiki nyingine nusu lita, wiki nyingine lita nzima. Tulishazoea nyumba nzima, hadi mwanangu wa miaka sita akawa ananikumbusha: "Baba, gari limeshakunywa?" Na kila niliyemsimulia alikuwa na jibu lilelile: gari la siku nyingi hilo bwana, magari ya siku nyingi yanakunywa maji.

Nikaliamini hilo neno, mtu mzima na akili zangu. Anayekunywa maji ni punda. Maji ya rejeta yanazunguka tu: yanaingia kwenye injini, yanabeba joto, yanarudi kwenye rejeta kupoa, yanaingia tena. Lita tano za leo zinatakiwa ziwe lita tano mwakani. Zikipungua ujue zimetoka, na zilikotokea pana tundu.

Gari lenyewe ni kigari cha Kijapani cha cc 1,500 hivi, aina ambayo ukisimama Mwenge, hapa Dar, dakika tano utayahesabu mpaka uchoke. Halina mshale wa joto kwenye dashibodi. Lina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa bado baridi, na nyekundu likichemsha. Hakuna cha katikati. Ni kama mgonjwa anayekuambia "sijambo" halafu anaanguka.

Lilianguka Kitonga, mwezi wa kumi na mbili, tukielekea Iringa kwenye harusi ya binamu yangu. Wanaoijua ile njia wanajua: ukishaipita Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda mlima kuelekea Ilula, kona juu ya kona, na mbele yako kuna lori linalotembea kama linahesabu hatua. Tulikuwa watu wazima wanne, mabegi, sufuria mbili za zawadi, na AC imewashwa. Gia ya pili. Taa nyekundu ikawaka. Nikajibana pembeni penye nafasi, nikazima, nikafungua boneti. Mvuke. Nikachukua kitambaa nifungue kifuniko cha rejeta.

"Kaka, weee! Acha hicho kifuniko!"

Alikuwa utingo wa lori lililokuwa limesimama mbele yetu likipoza breki. Alikuja mbio. Wakati ule nilimwona ana makelele. Leo najua aliniokoa uso. Kile kifuniko kina valvu na springi ndani. Changu kimeandikwa 1.1, maana yake kinazuia mgandamizo mpaka bar 1.1 ndipo kiachie. Maji yakibanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanasogea hadi karibu na 120. Ukifungua ghafla, mgandamizo unaondoka na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanachemka yote kwa mpigo, yakitafuta pa kutokea, na pa kutokea ni hapo ulipoinamisha uso. Huko juu ni zaidi: kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95.

Tukakaa. Watu wakajaa, kama ilivyo kawaida yetu, na kila mmoja na dawa yake. Mmoja akasema nitafute ute wa yai niumimine ndani, utaivia kwenye tundu na kuliziba. Mwingine pilipili manga ya unga. Si uongo kwamba vinasaidia. Tundu dogo la rejeta linaweza kuzibika ukafika mjini. Ila yai halichagui. Linaziba tundu, na linaziba pia vijinjia vyembamba vya rejeta na vya hita, ambavyo ndivyo vinavyopoza. Nilikuwa karibu kumtuma mtu yai.

Dereva wa lile lori, mzee wa makamo, alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula muwa. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza: "Maji yanatokea wapi?"

"Yanapungua tu, mzee wangu. Gari la siku nyingi."

"Sikuuliza kama yanapungua."

Akaendelea na muwa wake. Baada ya dakika arobaini na tano akaja kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono, akaona unabonyea na hauunguzi, ndipo akaniruhusu nifungue. Tukajaza pole pole. Akaniambia nizime AC, niwashe hita mpaka mwisho na madirisha yote niteremshe. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Inalitoa joto la injini na kulileta kwenu. Tulifika Iringa tumeiva, mama mkwe kavua ushungi, lakini tulifika.

Lile swali la mzee ndilo lililoniumiza, kwa sababu kabla ya Kitonga nilikuwa nimeshalipia matengenezo mara mbili. Fundi wa kwanza, wa gereji bubu jirani na kwetu, alitoa themostati. "Bosi, hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kinazuia maji tu." Kazi ya themostati ni kufunga njia ya rejeta mpaka injini ifikie nyuzi 82 hivi, kisha kufungua. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na unyevu unabaki kwenye oili. Ushahidi nilikuwa nao mbele ya macho nikiupuuza: nikitoka Kinyerezi alfajiri kabla ya foleni, taa ya bluu ilikuwa inakwenda nami mpaka karibu na Tazara. Fundi wa pili aliunganisha feni moja kwa moja, ukiwasha gari na yenyewe inazunguka. Kwa makelele yake majirani walijua saa ninayotoka.

Wa tatu, baada ya safari, alisikiliza maelezo dakika mbili akatamka hedi gasketi, kile kizibo chembamba kati ya kichwa cha injini (hedi) na mwili wake. Kufungua hedi, kuipeleka kusawazishwa, gasketi mpya: laki nne na nusu, spea nyingine pembeni. Sikatai kwamba mafundi hawa wanajua kazi. Mikono yao imenilisha safari nyingi. Ila wote watatu walitibu joto. Hakuna aliyelala chini kuchungulia maji yanakokwenda. Na mimi mteja nilikuwa nimesimama pale na funguo mkononi nikiuliza "itachukua muda gani?", kwa hiyo lawama tugawane.

Jumamosi iliyofuata nikaamua kutafuta mwenyewe kabla ya kutoa laki nne.

Nilianza na hiyo hedi gasketi, maana ndiyo yenye bei ya kunyima usingizi. Kijiti cha oili kilitoka na oili nyeusi ya kawaida. Chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na ule ute wa rangi ya chai ya maziwa unaotokea maji yakichanganyika na oili. (Ute kidogo peke yake usikutishe kama unaendesha safari fupi fupi; ni jasho la injini isiyopata joto.) Nikawasha injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, nikaangalia maji kwa tochi. Gasketi ikiwa imekatika, moshi wa silinda unajipenyeza kwenye maji, utaona mapovu hayaishi, yanapanda moja baada ya moja kama soda. Yangu yalitoa mapovu mawili matatu ya hewa, yakatulia. Eksozi haikutoa moshi mweupe mzito. Hakuna kinachothibitisha asilimia mia kwa macho tu, lakini hakuna dalili hata moja iliyokuwa upande wa yule fundi.

Nikaenda ndani ya gari. Zulia chini ya dashibodi, upande wa abiria, nikalikandamiza kwa karatasi ya chooni: kavu. Hita ikivuja, zulia linalowa, kioo cha mbele kinafanya ukungu wa mafuta mafuta, na harufu inakaa.

Harufu. Hapo mke wangu, aliyekuwa kibarazani anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa: "Mbona hilo gari ukilipaki linanukia kama kashata?" Alikuwa anaisikia tangu nirudi kutoka Iringa, yaani tangu nilipomimina juu ya maji chupa moja ya kulanti ya pinki, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Mimi nilidhani ni majirani wanapika. Kulanti ina harufu tamu, na ikidondokea kwenye chuma cha moto inakaangika. Kwa hiyo ilikuwa inatoka nje, mahali pa moto, gari likiwa linatembea au limetoka kutembea tu.

Ndiyo maana maboksi hayakusema kitu. Nilikuwa nimetandika maboksi chini ya injini siku tatu mfululizo na asubuhi yote makavu, isipokuwa doa la maji chini ya upande wa abiria. Hilo ni la AC: halina rangi, halina harufu, halitelezi kwenye vidole. Kulanti inateleza na inaacha rangi. Usithibitishe kwa kuonja. Ni tamu kweli, na ni sumu.

Injini ikizimwa na kupoa, mgandamizo unashuka mpaka sifuri na tundu dogo linafunga mdomo. Ilibidi niubane mfumo ukiwa baridi, nikiwa na nafasi ya kuingiza kichwa. Gereji kubwa wana pampu maalumu ya kazi hiyo. Mimi nilinunua kifuniko kikuukuu kwa elfu mbili, nikampelekea fundi baiskeli wa mtaani akakitoboa katikati na kupachika valvu ya tairi lisilo na tyubu. Alicheka sana. Nikajaza rejeta mpaka mdomoni, nikafunga, nikachukua pampu ya baiskeli na geji ya upepo, nikapandisha mpaka psi 15, chini kidogo ya uwezo wa kifuniko. Usizidishe hapo, utapasua kisichokuwa kimepasuka.

Baada ya dakika kumi geji ilisoma 11. Sakafuni hakuna tone.

Nikaanza kupita na tochi. Matangi ya plastiki ya rejeta, juu na chini, pale yanapoungana na alumini: safi. Mipira miwili, kila mahali penye klipu: safi. Mipira midogo ya hita, ukutani nyuma ya injini: safi. Upande wa mkanda hapaoneki kwa jicho, pamebanana. Nikaomba kioo cha poda cha mke wangu, nikakifunga kwa selotepu kwenye mti wa mshikaki, nikakiteremsha kati ya mkanda na mbavu za injini. Mara ya kwanza niliona pua yangu. Mara ya pili nikaona mstari. Mwembamba, mweupe wenye upinki, mgumu kama chumvi iliyokauka kwenye ukingo wa ndoo, umeanza chini ya shingo ya pampu ya maji na kushuka kufuata mshono wa injini. Nikapandisha psi 15 tena, nikasubiri. Juu ya mstari pana kitundu kama tundu la kalamu. Mdomoni mwake tone likajikusanya, likatetemeka, likawa na pinki ya mbali, likateleza kwenye mstari wake wa siku zote, halafu likaishia juu ya chuma. Kwenye injini ya moto lisingefika hata hapo.

Miezi saba nilikuwa namtafuta huyu.

Kile kitundu hakikutobolewa na kutu. Kimewekwa makusudi. Ndani ya pampu ya maji, hiyo inayoyazungusha maji kwenye injini, kuna sili inayotenganisha maji na beringi. Sili ikichoka, maji yanapewa mlango wa kutokea yasiende kuua beringi. Kuna pampu niliwahi kuona zimezibwa kitundu hicho kwa silikoni. Hiyo ni kumziba mdomo mtu anayepiga yowe nyumba inaungua. Doa kavu dogo unaweza kulivumilia na kuliangalia. Likishakuwa tone, pampu imekwisha.

Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani walitaka sampo ya pampu, kama kawaida, lakini namba ya injini na picha kwenye simu vilitosha. Kijana wa dukani aliniwekea mbili mezani, moja mpya elfu sitini na tano, nyingine "yusdi Japani" kwa ishirini. Vitu vingi vya mtumba navikubali, hata mlango wa gari. Pampu ya maji sitaki: nitakuwa nanunua uzee wa sili ya mwenzangu. Nikachukua mpya, themostati, mkanda, na kifuniko kipya cha rejeta.

Kazi yenyewe ilichukua saa tano, ambazo fundi angefanya kwa moja na nusu. Gari limepoa usiku kucha. Jeki, kisha stendi, kamwe usilale chini ya jeki peke yake. Tairi la mbele la kulia nje, plastiki ya ndani ya mbawa nje. Ujanja mmoja ulioniokoa: bolti za puli ya pampu zilegeze kwanza, mkanda ukiwa bado umekaza, kwa sababu mkanda ndio unaoizuia puli isizunguke. Ukishautoa, puli itacheza ngoma na spana yako. Mimi nilikumbuka bolti moja tayari imeshanicheka. Halafu unalegeza altaneta (ile inayochaji betri), unatoa mkanda, unatoa puli, na pampu iko mbele yako.

Chini nilitega beseni. Yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mwishoni tope la kutu. Maji yale yote ya Jumamosi yalikuwa ya kisima cha nyumbani, na visima vingi vya Dar ni vya chumvi. Hata sabuni haitoi povu vizuri. Nikawa nimemimina chumvi kwenye chuma na alumini miezi saba. Bolti moja ya chini ikagoma kabisa. Nikaipulizia dawa ya kulegeza kutu, nikaigonga gonga kichwani kwa nyundo ndogo, nikaenda kula wali maharage. Niliporudi ilifunguka kwa mlio wa kulalamika, lakini ilifunguka nzima. Bolti ya injini ya alumini ikikatikia ndani, ujue Jumamosi yako imekuwa Jumanne.

Beseni nikalifunika mara moja. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli: mbwa wanavutwa na utamu wake, paka nao wanailamba, na inawaua. Paka wa jirani alikuwa ameshakaa kwenye ukuta ananitazama.

Pampu ya zamani mkononi ilieleza kila kitu. Ukishika shafti na kuitikisa inacheza, na mapezi yake yalikuwa yameliwa pembeni, yamebaki kama meno ya mtoto wa muuza pipi. Kwa hiyo hata maji yaliyokuwa yamebaki hayakusukumwa sawasawa, ndiyo maana mlimani, palipohitajika nguvu, likachemsha.

Uso wa injini nikausafisha kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kisu kinakwangua alumini, na mkwaruzo mmoja ni njia ya maji. Gasketi ilikuja ndani ya boksi. Sikuongeza silikoni, kwa sababu ikizidi inamenyekea ndani na kwenda kukaa kwenye vijinjia vya rejeta. Bolti nilizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, juu, chini, kushoto, kulia. Themostati ikarudi nyumbani kwake, kile kidude kinachocheza kwenye tundu lake kikiwa juu ili hewa ipite. Feni nilimpelekea fundi umeme baadaye arudishe waya zake. Hapo sikujifanya najua.

Kujaza ndiko kunakowaangusha wengi baada ya kazi nzuri. Nilisuuza kwanza kwa maji safi mara tatu mpaka yakatoka meupe. Kisha nusu kulanti, nusu maji ya betri, yale yasiyo na madini. Soma chupa: ni maji, si asidi ya betri, na dukani zinakaa rafu moja. Rafiki yangu aliniuliza, kulanti ya nini, kwani Dar kuna barafu? Barafu ni nusu ya habari. Inapandisha pia kiwango cha kuchemka, na ina dawa ya kuzuia kutu, ambayo ndiyo hasa tunayoihitaji sisi wa maji ya chumvi. Usiijaze tupu bila maji ukidhani ndiyo kuipenda injini, kwa sababu maji yanabeba joto vizuri kuliko yenyewe. Na rangi usiitegemee: pinki ya kampuni hii si lazima iwe ndugu wa pinki ya ile, soma aina.

Niliinua pua ya gari kidogo, hita kwenye moto, nikamimina taratibu huku nikibinya mpira wa juu. Blup, hewa inatoka, maji yanashuka, naongeza. Nikawasha. Taa ya bluu ilizimika baada ya dakika chache, kitu nilichokuwa sijakiona tangu mwaka uliopita. Mpira wa chini ukabaki baridi, baridi, halafu ghafla ukawa wa moto: themostati imefungua. Nilikaa pale na mkono juu ya mpira kama mkunga.

Nikachora mstari kwa maki peni kwenye kidumu cha akiba kilichounganishwa na rejeta. Asubuhi ya kwanza maji yalishuka upana wa kidole, hewa iliyokuwa imebaki, nikajazia. Wiki ya pili yapo kwenye mstari. Wiki ya tatu yapo. Kioo cha poda nilichoteremsha tena upande wa mkanda kilionyesha chuma kikavu, na mwenye kioo ameshanunuliwa kingine.

Dumu la lita tano bado limo kwenye buti. Mke wangu amekataa lisitolewe mpaka tupande Kitonga na kushuka.